Pua Iliyochongwa Vibaya: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kupigwa Kisu Mara ya Pili

Siku plasta ilipobanduliwa, muuguzi alinipa kioo cha mkononi akasema, "Hongera." Nikaitikia, lakini moyo ulishaingia baridi. Pua ile haikuwa ya baba yangu niliyozaliwa nayo, na haikufanana na ile niliyoonyeshwa kwenye kompyuta. Miezi ikapita, katikati ikazidi kunywea, upande wa kushoto ukawa unaziba kila nikilala, na asubuhi naamka koo limekauka kwa kupumulia mdomo usiku kucha. Nilikuwa nimesafiri nje ya nchi, nimelipa akiba ya miaka minne, na nyumbani nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani kuambiwa mwezi ule wa kwanza. Hayachukui nafasi ya daktari atakayeishika pua yako na kuichungulia ndani. Ni njia niliyopita mimi, pamoja na niliyojifunza kwa madaktari watatu niliowaona kabla ya kukubali kulazwa tena.

Ujue hauko peke yako. Tafiti mbalimbali hutaja kwamba katika kila watu 100 waliofanyiwa upasuaji wa pua, 5 hadi 15 hurudi kurekebishwa. Hata daktari stadi ana wagonjwa wa kurudi, kwa sababu hakuna anayeweza kuliamuru kovu lipone vipi. Ila upasuaji wa kwanza ulianza na pua nzima. Wa pili utaanza na mabaki. Gegedu lililobaki (ile nyama ngumu inayopindika, kama ya sikio), ngozi iliyobaki, mishipa ya damu iliyobaki, na kwa upande wako fedha na moyo uliobaki. Kabla hujauliza unataka pua ya namna gani, hesabu kwanza kilichobaki.

Hatua ya 1: Tenga dharura na subira

Mambo mengi ya pua yanangoja. Machache hayangoji hata siku moja, na hayo uyajue kwa moyo.

Katika siku za mwanzo, pua ikivimba ghafla ndani na kuziba pande zote mbili huku maumivu yakizidi, huenda damu imekusanyika kwenye ukuta wa kati unaotenganisha matundu. Gegedu la ukuta huo halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikiingia katikati, gegedu linakosa chakula na linaweza kufa ndani ya siku chache, kisha mgongo wa pua ukabonyea kama tandiko la farasi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Vilevile usingoje ukiona homa, usaha, wekundu unaosambaa, damu isiyokatika, maji meupe kama ya bomba yanayodondoka kutoka tundu moja hasa ukiinama, au kipandikizi (kitu cha kigeni kilichowekwa ndani kuijenga pua) kinachoanza kuonekana kwenye ngozi iliyokonda na kung'aa. Hapo hospitali iliyo karibu na daktari wa masikio, pua na koo wanatosha. Usisubiri kujibiwa ujumbe na kliniki iliyo nchi nyingine.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, basi shida yako ni ya subira.

Hatua ya 2: Ngoja mwaka, na uutumie

Hii ndiyo hatua inayouma kuliko zote. Kanuni wanayoifuata madaktari wengi ni kutoigusa pua tena mpaka ipite miezi 12 kamili. Uvimbe mkubwa huisha wiki za kwanza, lakini uvimbe mdogo wa ndani hukaa, na ncha ya pua ndiyo hutulia mwisho. Ngozi nene ya pua, ambayo wengi wetu Waafrika tumejaliwa, huchukua muda zaidi, mwaka na nusu hata miwili. Pua unayoichukia mwezi wa tatu siyo pua utakayokuwa nayo mwezi wa kumi na nne.

Kuna na sababu nyingine. Kovu changa ni jekundu, gumu, limejaa damu. Daktari akilifungua mapema, tabaka za nyama zimegandana, hazitengani vizuri, na mishipa inayolisha ngozi inaumia. Ndiyo maana daktari anayekuambia "njoo kesho tukurekebishe" wakati una miezi minne tu, mwogope. Wa kwanza kati ya wale watatu niliowaona aliniambia vivyo hivyo, na nusura nilipe.

Mwaka huo hauwi mtupu. Ukiwa na ngozi nene na uvimbe unaogoma juu kidogo ya ncha, daktari anaweza kukuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kipimo kidogo ili kuunyenyekeza. Ikizidi au ikipigwa juu juu, ngozi hukonda na kubonyea, kwa hiyo sindano hiyo haipigwi saluni wala haipigwi na rafiki aliye muuguzi kwa hisani.

Hatua ya 3: Piga picha zinazosema kweli

Acha selfi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua kuwa pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita 1.5. Simu iliyo mkononi mwako inakuonyesha pua isiyo yako.

Mwombe mtu akupige, au iegemeze simu kwenye kabati. Simama mita moja na nusu, lenzi iwe usawa wa macho, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Piga mbele, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, robo ya kulia, robo ya kushoto, kisha inua kidevu upigwe kutoka chini ili matundu yaonekane. Fanya hivyo kila mwezi, mahali palepale, saa ileile, na kati ya mwezi na mwezi usizifungue. Zitafute pia picha za kabla ya upasuaji wa kwanza, hata za kitambulisho au za harusi ya binamu. Daktari wa pili atazihitaji kuliko maelezo yako.

Hatua ya 4: Iulize pua inapumuaje kabla ya kuuliza kioo

Ninaiweka hatua hii peke yake kwa sababu wengi tunaona haya kulalamikia pumzi wakati tulikwenda kutafuta sura. Tunajiambia ni mafua, ni vumbi, ni aleji. Lakini sehemu nyembamba kuliko zote katika njia ya hewa iko katikati ya pua, pale gegedu la pembeni linapokutana na ukuta wa kati kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 tu. Daktari akipunguza mgongo wa pua bila kuzitegemeza kuta zile, pembe inafungika. Ni kama jahazi lililotolewa mataruma: kwa siku za kwanza linasimama, kisha mbao za ubavuni zinaanza kuingia ndani.

Jaribu hivi. Ziba tundu la kulia kwa kidole bila kuisukuma pua, vuta hewa polepole kwa la kushoto, kisha badilisha. Halafu weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta shavu taratibu kuelekea sikioni, upumue tena. Kama hewa inafunguka ghafla, huenda kuta za pembeni zimelegea au zimebana. Tazama kwenye kioo ukivuta hewa kwa nguvu: je, ubavu wa pua unaingia ndani? Msikilize pia anayelala karibu nawe. Mluzi mwembamba unapopumua unaweza kuwa dalili ya tundu kwenye ukuta wa kati.

Hayo si majibu ya mwisho. Yanakupa la kumwambia daktari, naye atachungulia kwa kamera ndogo na, akiona haja, ataagiza kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya kichwa. Kuna faida nyingine pia: bima nyingi hazilipii urembo, lakini tatizo la pumzi lililoandikwa na daktari wa masikio, pua na koo ni ugonjwa, na baadhi ya bima hulisikiliza. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 5: Andika unachokilalamikia, na ujisikilize mwenyewe

Chukua daftari. "Pua ni mbaya" haimsaidii daktari yeyote. "Ncha inaelekea kulia", "tundu la kushoto limepanda juu kuliko la kulia", "kuna bonde katikati ya mgongo nikitazamwa kwa ubavu", hayo yanashikika. Andika yote, kisha chagua mawili ambayo, yakipona, utaweza kuishi na mengine. Mimi niliandika kumi na moja. Mawili niliyobaki nayo yalikuwa pumzi ya kushoto na lile bonde la katikati. Ncha, ambayo ilinilizia machozi mengi mwezi wa pili, haikuwa hata kwenye orodha ya mwisho.

Ukurasa wa pili ni wa moyo. Andika ni muda gani kwa siku unaufikiria uso wako. Ikiwa ni saa nzima au zaidi kila siku, ikiwa umeacha kwenda kazini, harusini au msibani, ikiwa unajikagua kwenye kila kioo cha gari unalopita na watu wa karibu hawaioni kabisa kasoro unayoiona, zungumza na mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili kabla ya daktari wa kisu. Kuna maradhi ya kuona dosari mwilini kupita kiasi, yanatambulika kitabibu na yana tiba ya mazungumzo na dawa. Upasuaji mwingine kwa kawaida hauyatulizi. Dosari huhama tu. Na ukifikia kuona bora usiwepo, mwambie mtu leo, aliye karibu, kabla ya kulala.

Mama alipojua hatimaye, sikupata lawama niliyoiogopa. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniambia ningekushika mkono." Sijui kwa nini nilingoja miezi saba. Kama una mtu wa aina hiyo, mwambie mapema.

Hatua ya 6: Dai jalada lako

Mwandikie aliyekupasua kwanza, kwa adabu, uombe ripoti ya upasuaji. Siyo cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali wala risiti. Unataka ukurasa unaoeleza kilichofanyika ndani: mifupa ilivunjwa au haikuvunjwa, gegedu lilikatwa wapi na kwa kiasi gani, kuna gegedu lililotolewa kwenye ukuta wa kati au sikioni, kuna kitu cha kigeni kilichowekwa, uzi gani ulibaki. Kama imeandikwa kwa Kituruki au lugha nyingine usiyoijua, tafuta mfasiri wa mambo ya tiba. Kumbukumbu zile zinahusu mwili wako.

Wasipojibu, andika mara ya pili ukitaja tarehe, kisha songa mbele. Daktari mzuri anaweza kusoma mengi kwa vidole na kamera. Ila wewe usimfiche kitu: sindano za fila (dawa ya kujazia chini ya ngozi) ulizopiga, uzi wa kuinulia pua ulioingiza, unga ulionusa miaka ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye chumba cha upasuaji msemo huo si mapambo.

Hatua ya 7: Elewa pua ya pili inajengwa na nini

Neno letu "kuchonga pua" limetupotosha wengi. Fundi wa mbao huchonga kwa kupunguza. Tulidhani pua nayo ikipunguzwa inakuwa nzuri zaidi. Lakini ngozi nene haisinyai kufuata mifupa iliyopunguzwa chini yake. Panabaki nafasi, nafasi inajaa kovu, na pua inatoka na nundu juu ya ncha, imejikunja kama mdomo wa kasuku. Pua yenye ngozi nene hupata umbo kwa kuwekewa nguzo imara zinazoisukuma ngozi kutoka ndani. Kwa hiyo upasuaji wa pili mara nyingi ni kazi ya kuunga, na kuunga kunataka mali.

Mali ya kwanza ni gegedu la ukuta wa kati wa pua. Limenyooka, liko palepale, ndilo bora. Tatizo ni kwamba upasuaji wa kwanza huenda ulishalichukua, na lazima libaki fremu ya kutosha mbele na juu ili pua isiporomoke.

Ya pili ni sikio. Hukatwa bakuli la ndani, kwa mshono ulio nyuma ya sikio, na sikio lenyewe halibadiliki sana kwa kutazama. Gegedu lake ni laini na limepinda, zuri kwa kuta za pembeni na matundu yaliyovutwa juu, dhaifu kwa kubeba mgongo mzima. Mimi nilitumia la sikio la kulia.

Ya tatu ni ubavu. Hapo lipo gegedu la kutosha na lenye nguvu, ndiyo maana pua iliyobomolewa sana huishia huko. Kwa wanawake mkato huweza kufichwa kwenye mkunjo ulio chini ya titi. Uulize hatari zake waziwazi: maumivu ya kifua wakati wa kupumua na kucheka, kutobolewa kwa utando wa pafu ingawa ni nadra, na gegedu kupinda taratibu baada ya kuwekwa. Kadiri umri unavyosogea, gegedu la mbavu hugeuka gumu kama mfupa na huchongeka kwa shida.

Hapa nawasemesha wenzangu wenye asili ya makovu yanayofura. Sikio na kifua ni sehemu mbili zinazopenda sana keloidi. Kama ulitobolewa sikio likaota nundu, kama chale au kovu la tetekuwanga kifuani lilivimba, mwambie daktari siku ya kwanza, kabla hajapanga atachukua wapi.

Silikoni na vipandikizi vingine vya dukani ni rahisi na havihitaji mkato mwingine. Ila kwenye pua iliyokwisha kupasuliwa, yenye kovu na damu haba, vinaweza kuhama, kuingiwa na vijidudu au kutokeza nje ya ngozi hata miaka baadaye. Mimi nisingekubali.

Na fila? Utaambiwa ni sindano tu, dakika kumi, hakuna kisu. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile ya macho, na fila ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Pua iliyopasuliwa ina mishipa iliyohama mahali pake, kwa hiyo hatari ni kubwa zaidi. Yupo daktari anayeweza kujaza bonde dogo kwa asidi ya hayaluroniki, aina ya fila inayoweza kuyeyushwa, akiwa na dawa ya kuiyeyusha mezani, na kwa mtu fulani hilo latosha. Mafuta, silikoni ya maji na vitu visivyo na jina, kimbia.

Lipo pia chaguo la kutofanya lolote. Baada ya miezi 14 nilikutana na dada mmoja katika foleni ya kliniki, pua yake imepinda kidogo tu, anapumua vizuri. Daktari alimwambia anaweza kumnyoosha kwa nusu ya anachotaka na kumhatarishia pumzi aliyonayo. Akashukuru, akaenda zake. Alionekana mwepesi kuliko sisi sote pale.

Hatua ya 8: Mtafute wa pili kwa makini kuliko wa kwanza

Kumrudia yule wa kwanza si ujinga. Anaijua pua yako, ana kumbukumbu, na baadhi yao hawatozi ada yao ya mkono kwa marekebisho, ingawa chumba, dawa ya usingizi na hospitali utalipia. Kama anakusikiliza, anakiri kilichotokea na anakueleza angefanya nini tofauti, anastahili kufikiriwa. Kama anakwambia pua ni nzuri wewe ndiye una shida, au marekebisho unayohitaji yanazidi uzoefu wake, tafuta mwingine.

Upasuaji wa pili wa pua ni fani ndani ya fani. Usiulize "unafanya pua?" Uliza: kwa mwaka unarekebisha pua ngapi zilizopasuliwa na wengine? Umewahi kufanya za ngozi kama yangu, nizione baada ya mwaka mmoja, siyo baada ya wiki? Gegedu utalitoa wapi, na ukifungua ukakuta halitoshi utafanya nini? Pumzi yangu itakuwaje? Nani atanitunza nikipata shida nikiwa nimerudi nyumbani? Anayejibu swali la gegedu bila kuzunguka amekwisha kuifikiria pua yako.

Hakiki leseni. Tanzania Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo husajili. Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ambalo orodha yake hutazamwa mtandaoni kwa jina la daktari. Angalia pia ubingwa: upasuaji wa plastiki, au masikio, pua na koo. Katika ukanda wetu Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, hutunuku ubingwa wa upasuaji wa plastiki. Daktari wa kawaida asiye na ubingwa, hata kama kliniki yake inang'aa, hafai kugusa pua ya pili.

Ukienda Uturuki, India au kwingineko, hakiki kwa mamlaka ya huko, na umwone daktari mwenyewe kwa video kabla ya kutuma hata shilingi. Niliyemlipa mara ya kwanza alikuwa dalali. Daktari nilionana naye asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimeshavaa gauni la hospitali, na kalamu ilichora uso wangu kwa dakika tano. Bei iliyotajwa kwa picha za WhatsApp pekee, punguzo linaloisha kesho, hoteli na matembezi vikiwa ndani ya mkupuo mmoja: vyote vile nilivipokea kama bahati.

Onana na wawili au watatu. Maoni yao yakifanana, umepata njia. Yakitofautiana sana, rudi kwa yule aliyekuahidi kidogo kuliko wote, umuulize kwa nini.

Hatua ya 9: Fedha

Marekebisho huchukua muda mrefu kuliko upasuaji wa kwanza, mara nyingi saa tatu na zaidi, na ubavu huongeza. Omba bei iliyoandikwa kifungu kwa kifungu: daktari, dawa ya usingizi, chumba, kulala, vipimo, dawa, ziara za baadaye. Tenga pembeni fedha ya tatizo, pamoja na tiketi ya kurudi na wiki moja ya ziada ya malazi kama unasafiri. Ukikosa fedha hiyo ya pembeni, ahirisha. Mkopo wa riba juu ya kidonda ni mzigo unaochelewesha kupona. Nimemwona mtu akirudi kazini siku ya sita kwa ajili ya marejesho.

Hatua ya 10: Andaa mwili

Tumbaku ya kila namna iachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada: sigara, shisha, vepu, na ugoro hasa, kwa kuwa unapita palepale penye kidonda. Nikotini hubana mishipa midogo, na pua iliyopasuliwa tayari haina mishipa ya kupoteza.

Mkorogo na krimu za kung'arisha zinastahili kutajwa kwa sauti. Nyingi zina steroidi kali, zinakondesha ngozi na kuchelewesha kidonda. Mwambie daktari umepaka nini na kwa muda gani. Hatakucheka, na akikucheka umeshajua si wako.

Taja asprini, ibuprofeni, diklofenaki, vitamini E, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, habbasoda na kila mizizi unayokunywa, kwani baadhi huongeza kutokwa na damu na kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla. Asprini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache mwenyewe. Miraa, shinikizo la damu, pumu, selimundu hata kama ni ya kurithi nusu, mtaalamu wa dawa ya usingizi ayajue yote.

Hatua ya 11: Baada ya kutoka

Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Usipenge kamasi wiki mbili za kwanza. Chafya itoke kwa mdomo ukiwa umeuacha wazi. Safisha kwa maji ya chumvi kama ulivyoagizwa, na maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja, kwa sababu vimelea hatari vinaweza kupitia puani. Miwani isikalie mgongo wa pua kwa wiki nne hadi sita ikiwa mifupa ilivunjwa. Ndege, madaktari wengi huruhusu baada ya siku 7 hadi 14. Ngoja neno la wako.

Kwa Waislamu, muulize daktari mapema kuhusu udhu na sujudu. Kupandisha maji puani na kuinamisha kichwa mpaka paji na pua viguse chini, vyote huweza kuanzisha damu au kusukuma kilichoungwa. Mimi niliswali kwenye kiti kwa wiki sita, nikiashiria, na sikuona haya kwa sababu mgonjwa ana ruhusa yake.

Uvimbe wa mara ya pili hukaa zaidi kuliko wa kwanza. Kwa hiyo hesabu ya mwaka inaanza upya, na picha za dirishani zinaanza upya, mita moja na nusu, saa ileile. Ziara ya wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili usiikose hata kama unajisikia mzima.

Picha yangu ya mwezi wa kumi na mbili niliipiga Jumapili, mama ndiye aliyeshika simu. Bonde limejaa, ncha bado imeegea kulia kidogo. Usiku ule nililala ubavu wa kushoto, mdomo umefungwa, nikaamka alfajiri koo likiwa na maji.